Kwako Mama Kemunto, kuhusu kura 14 za Shakopee

Brooklyn Park, Minnesota
9 Februari 2025

Mpendwa Mama Kemunto,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Sisi hatujambo, watoto wanasoma, kazi yangu ya usiku inaendelea, na mguu wa Baba Brian umepona. Natumai mama naye sasa anakula vizuri.

Ujumbe wako wa sauti umenikosesha usingizi. Ati sokoni Nyamira watu wanasema Huldah wetu alishinda halafu akafungiwa mlango wa bunge? La, dada, sivyo kabisa. Huldah Momanyi Hiltsley alishinda kiti cha eneo la 38A katika bunge la jimbo mwezi wa Novemba, hapa hapa Brooklyn Park, na hakuna aliyemnyang'anya. Ndiye wa kwanza aliyezaliwa Kenya kuingia katika bunge la jimbo hili. Tafadhali waambie hivyo, na umwambie Mwalimu pia, maana najua akisikia yeye soko zima litasikia.

Lililokwama ni bunge lenyewe. Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134, na uchaguzi ulipoisha kila upande ulikuwa na 67. Halafu mshindi mmoja wa Democrat, wa upande wa Roseville, mahakama ikaona hakuwa mkaazi wa eneo lake kama sheria inavyotaka, akakiachia kiti. Wakabaki 66. Republican wakataka kuchagua Spika na kuendesha mambo peke yao. Wale wa Democrat, ambao huku chama chao kinaitwa DFL, wakasusia vikao tangu 14 Januari ili akidi isitimie, na Huldah alikuwa miongoni mwao. Mahakama ya Juu ikasema akidi ni 68, si chini. Alhamisi iliyopita ndipo wamerudi baada ya kukubaliana: Lisa Demuth wa Republican awe Spika, mtu mweusi wa kwanza kukikalia kiti hicho hapa. Na Tabke asiguswe.

Huyu Tabke ndiye ninayetaka ujue habari zake. Brad Tabke wa DFL aligombea Shakopee, kusini magharibi mwa Minneapolis, na akamshinda Aaron Paul kwa kura 14. Kumi na nne! Harusi ya kwenu ina watu wengi kuliko hao jikoni peke yake. Kisha ikagunduliwa kwamba kura 20 za mapema zilipokelewa lakini hazikuhesabiwa. Uchunguzi ukasema yaelekea zilitupwa zikiwa bado ndani ya bahasha zake. Watu 20, Mama Kemunto, walitoka nyumbani kwao, wakafuata kila utaratibu, kisha kura zao zikaishia kwenye takataka. Nilipolisoma hilo niliumia kana kwamba ni yangu.

Republican wakaenda mahakamani kutaka uchaguzi urudiwe. Sita kati ya wapiga kura hao wakaapa mbele ya jaji kwamba walimchagua Tabke. Piga hesabu mwenyewe: hata zile nyingine 14 zote zingekuwa za Paul, Tabke angeongoza kwa sita. Jaji akamwachia kiti. Lakini hebu fikiria, kura ni siri, na watu hao wakalazimika kuitoa siri yao hadharani ili isihesabike kwamba hawakupiga!

Matokeo ya juu unayajua. Trump alichukua nchi, ila Minnesota ilimpa Harris karibu asilimia 51, na tangu 1972 jimbo hili halijampa Republican kura zake za urais. Seneta wetu Amy Klobuchar alirudi Seneti ya nchi kwa urahisi. Viti vya Kongresi ni vinne kwa vinne, na Ilhan Omar, yule aliyekaa kambini Utange kule Mombasa akiwa mtoto, amerudi pia. Seneti ya jimbo nayo DFL wanaishika kwa kiti kimoja tu.

Kwa sababu hiyo ya 1972, wenzangu kazini walikuwa wakisema hakuna haja ya kupiga kura, jimbo linajulikana. Mimi nilienda asubuhi nikitoka zamu. Unapewa karatasi na kalamu, unajaza kiduara mpaka kiwe cheusi chote, halafu unailisha mashine mwenyewe. Ukigeuza karatasi unakuta majaji, majina tele. Nilisoma yote, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa. Usipojiandikisha mapema unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo, na jirani mwenye kura anaweza kukuapia kwamba unaishi pale. Dada wa Keroka alisaidiwa hivyo.

Tarehe 11 Machi Roseville wanapiga kura tena, na huenda tukarudi 67 kwa 67. Nitakupigia siku hiyo.

Sasa nijibu. Kemunto ametimiza miaka 18, amechukua kitambulisho? Ni kweli amesema 2027 hataki hata kujiandikisha? Ni nani amemwambia kura yake moja haitaongeza kitu, ni wale vijana wa steji? Anaweza kunipigia Jumapili, nimsimulie habari za Shakopee? Na ile shamba ya karibu na mto, mlipima lini?

Wako,
Nyaboke