Muuza vipuri aseme kwanza kuwa anauza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumze na wapenda magari wenzangu, hasa sisi wa makundi ya WhatsApp na Facebook tunakoulizana kila siku kuhusu oili, matairi na gia boksi.

Humo wamo mafundi, wauza vipuri, mawakala wa oili na madalali wa magari ya Japani. Sitaki watoke. Nani atatufundisha kutambua plagi ya bandia kama si mtu anayezishika kutwa nzima? Ninachotaka ni kwamba anayesifia bidhaa inayompa riziki aseme hivyo, tena palepale kwenye ujumbe wenyewe, maana wageni huingia kundini kila wiki na hawamjui.

Wapo wanaosema ushauri ukiwa sahihi, hakuna haja ya kujua umetoka kwa nani. Sawa, kama tungeweza kuupima. Chukua gia boksi ya CVT, aina ya otomatiki iliyomo kwenye magari mengi madogo tunayoagiza Japani. Ndani yake mkanda wa chuma hushikana na puli kwa msuguano, na inataka oili yake maalumu inayoruhusu ushikaji huo huku ikizuia kusagika. Ukiweka ATF ya kawaida, yaani oili ya gia boksi nyingine za otomatiki, gari halizimiki siku hiyo. Linatembea vizuri tu, madhara yanakuja baadaye, na hapo hakuna anayekumbuka nani alisema oili ile inafaa kwa gia boksi zote. Mwenye gari hana kipimo kingine zaidi ya kumjua anayemshauri na anachopata kwa ushauri huo.

Wala anayeumia si mnunuzi peke yake. Kwenye kundi nililomo, mwenzetu mmoja aliisifia oili fulani kwa muda mrefu kama mteja wa kawaida, kisha ikajulikana yeye ndiye msambazaji wake. Oili yenyewe sijasikia ubaya wake. Lakini tangu hapo fundi yeyote akitaja bidhaa anaulizwa amelipwa shilingi ngapi, na baadhi ya mafundi tuliowategemea wamenyamaza. Hasara hiyo ndiyo inayoniuma.

Wenzetu wamelitazama jambo hili zamani. Mwongozo wa mwaka 2009 wa FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji na ushindani wa biashara, una mfano wa mfanyakazi wa kampuni ya vifaa vya muziki anayeisifia bidhaa ya mwajiri wake mbele ya wapenzi wa vifaa hivyo wasiomjua. Ukasema anapaswa kujitaja. Mwaka 2013 Taiwan iliitoza Samsung faini ya dola milioni 10 za huko kwa kulipa watu waandike mtandaoni wakiibeza HTC, kampuni ya simu ya Taiwan iliyoshindana nayo. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kupotosha katika biashara, ila kwenye kundi la WhatsApp admini anafika kabla ya sheria.

Nawaomba basi maadmini waiweke kanuni hii kwenye maelezo ya kundi: asiyejitaja aonywe, akirudia atolewe. Nasi wengine, mtu akisema wazi kuwa oili hiyo anaiuza dukani kwake, tumjibu kuhusu oili, tusimtukane kwa kuwa mfanyabiashara.

Mpenda magari,
Dar es Salaam