Meza za epoksi: mbao zikauke kwanza

Mhariri, naomba kanafasi. Siku hizi kila mtu anataka meza ya mninga yenye epoksi angavu (gundi ya maji inayoganda ngumu kama kioo) kwenye nyufa, na pale Keko, Dar, zipo kali kweli, ila mafundi wengine wanamwagia mbao ambayo bado mbichi, baadae inasinyaa, epoksi inaachia pembeni, mteja anakuja juu. Unyevu ushuke chini ya asilimia 12 jamani. Halafu pakeni kwanza epoksi nyembamba ndani ya ufa, mbao inywe, la sivyo mapovu yatapanda tu. Shimo refu msijaze kwa mkupuo, epoksi inachemka yenyewe mpaka inapasuka. Na hadina, ile dawa ya kugandisha epoksi, ni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ukizidisha eti ikauke fasta itabaki inanata.

Mdau, Temeke