Barua ya malalamiko: Umeme wa fezi mbili umeniunguzia mota ya mashine

Newala,
Mkoa wa Mtwara.

Meneja,
Kampuni ya Umeme,
Newala.

Ndugu Meneja,

YAH: KULETEWA UMEME PUNGUFU NA KUUNGULIWA NA MOTA YA MASHINE YA KUSAGA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga hapa Newala. Mota yangu ni ya fezi tatu, yaani inahitaji nyaya tatu za umeme kwa pamoja, nguvu yake HP 20, na Jumamosi iliyopita iliungua. Naomba tuelewane mapema: siandiki kwa sababu umeme ulikatika. Ukikatika nazima swichi, akina mama wanaacha ndoo zao kwenye foleni, tunasubiri. Hilo tumeshalizoea, ingawa si jambo la kuzoea. Naandika kwa sababu siku ile umeme haukukatika. Ulikuja nusunusu, ukaniharibia mali, na ofisi yako inanijibu kana kwamba kukosa umeme na kuletewa umeme mbovu ni kitu kimoja.

Wiki nzima kabla ya hapo umeme ulikuwa mdogo. Jioni balbu zinawaka nyekundu, na feni inazunguka polepole hadi unaweza kuhesabu mapanga yake. Kwenye boksi la starta, linalowasha mota, kontakta, yaani ile swichi ya ndani inayofunga na kufungua umeme, ilikuwa haitulii, inagonga ta-ta-ta-ta, maana umeme wa kuishikilia haukutosha. Nilipiga namba yenu ya dharura. Nikapewa namba ya taarifa na pole, fundi sikumwona.

Jumamosi asubuhi fezi moja ikaondoka. Hatukuhitaji kipimo kulijua hilo: nyumba za upande wa sokoni zilibaki na umeme, za upande wetu zikazima, na zote zinatumia transfoma moja. Mashine ilikuwa katikati ya debe la makopa, mihogo mikavu. Mlio ukawa mzito. Kijana wangu akabonyeza kitufe chekundu, mashine haikuzima. Akabonyeza tena, wapi. Akakimbilia swichi kubwa ya ukutani, na alipoishusha moshi ulikuwa umeshatoka kwenye mota, na ile harufu ya vanishi ya waya iliyoungua. Wenye mashine wanaijua.

Fundi alipofungua starta alikuta ovalodi, kinga ya mota ikizidiwa mzigo, imefyatuka kama inavyotakiwa, ila haikusaidia kitu, kwa sababu meno ya kontakta, pale vyuma vinapogusana kupitisha umeme, yalikuwa yameyeyuka na kugandana. Kwa maelezo yake, kugongagonga kule kwa wiki nzima ndiko kulikoyachoma. Fezi moja ilipoondoka, mzigo wote ukabebwa na zile mbili zilizobaki, na cha kuukata umeme kikawa hakipo. Waya za mota zimeungua, inabidi isukwe upya.

Nawaeleza haya kwa urefu kwa sababu ofisini kwenu niliambiwa kwamba kuweka kinga ni wajibu wa mteja. Kinga nilikuwa nayo. Iliuawa na umeme wenu kabla ya siku ya kuhitajika, na taarifa ya umeme huo mdogo mlikuwa nayo, mmeipa na namba.

Afisa wenu mwingine, kijana mpole tu, alinituliza kwa kusema nchi nzima ina changamoto ya umeme, nivumilie. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Ndugu Meneja, wewe unafanya kazi Mtwara. Gesi ya Mnazi Bay, mkoani humu humu, iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la gesi la kutoka Madimba, hapa hapa Mtwara, kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi haikuwa hata kwenye Gridi ya Taifa, ikitegemea mashine za gesi za Mtwara mjini, kwa hiyo Dar es Salaam walipolia kwamba mabwawa ya kuzalisha umeme yamekauka, sisi ukame ule haukutuhusu, na bado tulikaa gizani kwa sababu zetu wenyewe. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Nafurahi kama Mtanzania. Lakini hata nchi ikiwa na megawati za kumwaga, fyuzi ikikatika kwenye transfoma ya mtaani kwetu haitajirudisha yenyewe. Ile ni kazi ya fundi mwenye ngazi na gari, na fundi huyo ni wa ofisi yako. Upungufu wa taifa usifanywe kichaka cha kuficha kazi ya wilaya.

Kuhusu gharama, sitaki nionekane nalalamikia kila kitu. Bei ya uniti, shilingi 292 kabla ya tozo, sina ugomvi nayo. Nikinunua luku ya 10,000, ikikatwa VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, napata uniti 28 na ushee, na mwezi ukianza kodi ya jengo inakatwa humo humo. Sawa. Gharama inayoniumiza haionekani kwenye risiti yenu. Sasa hivi nimekodi injini ya dizeli ili wateja wasinihame. Dizeli bei yake inatangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mimi nasikiliza redio siku hiyo kama mwenye kesi mahakamani. Nimelazimika kupandisha bei ya kusaga. Anayeilipa ni bibi aliyetembea na makopa kichwani, ambaye hana mita wala mkataba na kampuni yenu. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, nisagie hata kisado, wajukuu wameshinda na maembe." Nilimsagia. Asiyekuwa na hela ya dizeli amerudi kwenye kinu na mchi.

(Na maji sijayataja. Maji yetu huku juu yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema, kwa hiyo umeme ukiyumba na bomba linakauka. Lakini hiyo ni barua ya mtu mwingine.)

Ninachoomba ni hiki. Tuma fundi aikague transfoma yetu na laini inayoilisha, kisha nipewe taarifa ya maandishi inayosema fezi ile iliondoka saa ngapi, kwa sababu gani, na ile taarifa yangu ya umeme mdogo ilifanyiwa nini tangu ilipopokelewa. Naomba pia kulipwa gharama ya kusuka mota na kununua kontakta mpya. Risiti za fundi nimeziambatanisha, pamoja na picha. Starta yenyewe sijaitupa, ipo dukani kwangu kwenye boksi, meno yake yakiwa bado yamegandana, fundi wenu aje aione kwa macho yake.

Vilevile muweke utaratibu wa kutuarifu. Mnapojua laini itazimwa kwa matengenezo, au umeme utakuwa mdogo jioni, tumeni ujumbe wa simu kwa wenye mashine, wachomeleaji na wenye mafriji ya samaki. Namba zetu mnazo, maana za kutukumbusha madeni mnazitumia vizuri sana. Mwenye mota ya fezi tatu akijua mapema atazima mwenyewe na hamtakuwa na barua ya kujibu.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitalipeleka lalamiko hili EWURA, na nitaambatanisha barua hii ikiwa na mhuri wenu wa kupokelea. Tafadhali karani asikatae kuigonga mhuri kama alivyomkatalia jirani yangu mwenye karakana ya kuchomelea.

Wako mteja,

Mwenye mashine ya kusaga,
Newala.

Nakala: Ofisi ya Mtendaji wa Kata.

Viambatanisho: risiti za fundi, picha za mota na starta, risiti za luku, namba ya taarifa niliyopewa na kitengo cha dharura.