Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Modeli za Kihisabati za Lishe na Afya

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa ya mwaka siku 21 kabla ya Mkutano Mkuu. Hii inawafikia siku 19 kabla, kwa sababu hesabu za mweka hazina zilichelewa kunifikia, nami sikutaka kuandika juu ya fedha kwa kubahatisha.

Kuhusu shughuli za kawaida sitawachosha, kwani waliohudhuria wanazijua na wasiohudhuria walitumiwa kumbukumbu. Mihadhara minne ilifanyika kama ilivyopangwa. Wa kwanza ulirejea tatizo la mlo wa gharama ndogo, yaani kutafuta chakula cha bei ya chini kabisa kinachotosheleza lishe, ambalo mwanauchumi George Stigler alilikokotoa mwaka 1945 kwa vyakula 77 na mahitaji 9 ya lishe. Lilipotatuliwa upya mwaka 1947 kwa mbinu ya simplex ya mwanahisabati George Dantzig, inayotafuta jawabu bora hatua kwa hatua, kazi hiyo ilimeza takriban siku-kazi 120 za makarani wenye mashine za kukokotolea za mezani, na jawabu likatofautiana na la Stigler kwa senti 24 za Marekani kwa mwaka mzima. Wa pili ulihusu modeli ndogo ya glukosi (sukari ya damu) na insulini (homoni inayoishusha) iliyochapishwa na Richard Bergman na wenzake mwaka 1979, pamoja na kiigizi cha kompyuta cha mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ambacho mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikikubali kitumike badala ya majaribio ya wanyama. Wa tatu ulieleza modeli za vyumba, yaani jinsi tunavyofuatilia vitamini A iliyotiwa alama ya isotopu (atomi zenye uzito tofauti na wa kawaida) inavyohama kutoka chumba kimoja cha mwili hadi kingine. Wa nne ulihusu makosa ya watu wanapotaja walichokula. Jarida letu la ndani lilitoka mara mbili badala ya mara nne. Maktaba ya programu imehamishiwa kwenye seva mpya, kazi ambayo niliifanya mwenyewe kwa siku tatu za likizo yangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo litakalowafanya wengi wenu waisome taarifa hii, nalo ni kikokotoo cha uzito, yaani programu yetu inayotabiri uzito wa mtu kutokana na anachokula.

Kama mnavyokumbuka, kikokotoo chetu kilikuwa kikitumia kanuni ya kilokalori 7,700 kwa kilo moja ya uzito, ambayo ni ile ile kanuni ya kilokalori 3,500 kwa ratili iliyotokana na makala ya Max Wishnofsky ya mwaka 1958. Mwezi wa sita niliiondoa na kuweka mahali pake modeli inayobadilika kwa wakati, iliyojengwa juu ya kazi ya Kevin Hall na wenzake iliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Nilifanya hivyo bila azimio la kamati tendaji. Hilo silikatai, na sababu zake nitazieleza, lakini kwanza naomba nieleze kwa nini badiliko lenyewe lilikuwa sahihi, kwa maana katika barua ya malalamiko niliyopokea, yenye saini 11, aya tano zinazungumzia utaratibu na aya moja tu ndiyo inayogusa hisabati.

Chukueni mtu mzima anayepunguza kilokalori 240 kwa siku na kushikilia hapo bila kuyumba. Kanuni ya zamani inazidisha 240 kwa siku 365, inagawa kwa 7,700, na kumwahidi kuwa atapungua zaidi ya kilo 11 kwa mwaka. Mwaka wa pili inamwahidi nyingine 11, wa tatu vivyo hivyo, na ukiiacha iendelee kwa miaka kumi inampunguzia kilo 114, yaani mtu mwenye kilo 80 atakuwa alishatoweka duniani miaka kadhaa kabla ya kikokotoo kumaliza hesabu yake. Nililijaribu hili mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, kwenye kompyuta yetu wenyewe, tukaona kikokotoo kikitoa uzito wa hasi bila kusita wala kuonya. Sidhani kama kuna chama cha wanahisabati kinachopaswa kuvumilia mizani inayosoma chini ya sifuri.

Kosa la kanuni hiyo ni kuuchukulia mwili kama ghala ambalo ukitoa gunia moja kila siku mlinzi hajali. Mwili unapopungua, mahitaji yake ya nishati nayo hupungua, kwani kuna tishu chache za kulisha na mzigo mdogo wa kubeba, na juu ya hayo umetaboli wenyewe, yaani kasi ya mwili kuchoma nishati, hujibana kidogo. Zaidi ya hapo, kilo si sawa na kilo: katika modeli ya Hall kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 9,400, ilhali kilo moja ya tishu isiyo ya mafuta hubeba takriban 1,800 tu, na uwiano wa vitu hivyo viwili katika uzito unaopotea hutegemea mafuta aliyoanza nayo mtu. Ukiyaweka hayo katika milinganyo, mstari ulionyooka hugeuka kuwa mkunjo unaoshuka kisha ukatulia. Kwa makadirio yao, kila kilokalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, kwa kudumu, hatimaye huleta upungufu wa takriban kilo 1 kwa mtu mzima wa kawaida. Nusu ya badiliko hilo huonekana kwa karibu mwaka mmoja na asilimia 95 kwa karibu miaka 3. Mtu wetu wa kilokalori 240 basi atapungua kilo 5 hivi mwaka wa kwanza, na mwisho wa safari yake ni kilo 10. Ni ahadi ndogo zaidi, lakini ni ya kweli zaidi, na anayeshauriwa kwa hesabu ya zamani hujiona mvivu au mwongo pale uzito unapokataa kushuka, ilhali aliyekosea ni aliyemtengenezea hesabu.

Wapo waliosema kanuni ya zamani ina sifa ya kuweza kukokotolewa kichwani. Ni kweli, lakini hiyo ya kilokalori 24 nayo inakokotoleka kichwani, labda isipokuwa kwa yule aliyeamua mapema kwamba haitaki. Wengine walisema modeli hii ni ya watu wazima na haifai kwa watoto wala wajawazito. Ni sawa kabisa, na ndiyo maana kikokotoo kipya kinakataa umri chini ya miaka 18, jambo ambalo cha zamani hakikulifanya katika miaka yote kilipotumika na hakuna aliyeandika barua. Modeli ya watoto, ambayo lazima ihesabu nishati ya kukua, ilichapishwa peke yake mwaka 2013 na haijaingizwa.

Hoja moja katika barua ile naikubali kuwa na uzito. Mwanachama aliyeiandika, ambaye jina lake silitaji ingawa mwandiko wake naufahamu, alisema kuwa milinganyo mizuri inayolishwa takwimu mbovu hutoa majibu mabovu kwa umaridadi. Watu hutaja chakula pungufu ya wanachokula, na tangu maji yenye isotopu mbili, ambayo mtu huyanywa kisha hufuatiliwa yanavyotoka mwilini, yaanze kutumika kupima matumizi ya nishati ya binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hilo limeonekana tena na tena. Dantzig mwenyewe aliwahi kujitengenezea mlo wa kupunguza uzito kwa kompyuta, na kwa jinsi alivyoiandikia masharti ikampangia, pamoja na vyakula vingine, galoni 500 za siki. Kompyuta haikukosea, ilitii. Jibu langu ni kwamba modeli inayobadilika kwa wakati inaweza kuendeshwa kinyumenyume: ukiwa na uzito uliopimwa mara kwa mara, unakadiria jinsi ulaji ulivyobadilika bila kumuuliza mtu alikula nini. Kanuni ya zamani haiwezi kufanya hivyo kwa namna yoyote ya kuaminika.

Naungama pia makosa mawili ya utekelezaji, ili yasije yakaibuliwa mkutanoni kana kwamba niliyaficha. Toleo la kwanza lilionyesha mstari mmoja wenye desimali mbili, kama vile mtu angeweza kutabiriwa hadi gramu 10, ilhali mlinganyo wa Mifflin wa mwaka 1990 tunaouanzia, wa nishati ambayo mwili hutumia ukipumzika, hukadiria wastani wa watu na unaweza kumkosea mtu mmoja mmoja kwa mbali. Sasa panaonyeshwa eneo lenye kivuli badala ya mstari. La pili, kwa siku tisa sehemu ya kilojuli ilisomwa kama kilokalori, na kwa kuwa kilokalori moja ni kilojuli 4.184, waliotumia kilojuli waliahidiwa mara nne ya haki yao. Niligundua mwenyewe saa tano usiku na nikarekebisha kabla ya saa saba. Hakuna mwingine aliyekuwa ameligundua, wakiwamo waliotia saini barua.

Ama kuhusu utaratibu, ibara ya 11 inamruhusu mwenyekiti kuchukua hatua ya dharura pale kamati inaposhindwa kukutana. Niliitisha kikao mwezi wa tatu, na ajenda ilikuwa hii peke yake. Akidi ni wajumbe 7 kati ya 12, na walifika 5. Niliitisha tena mwezi wa tano, nikabadilisha siku na saa kwa kufuata maombi ya wajumbe wenyewe, wakafika 4, mmoja wao akiwa amekuja kuchukua chaja aliyoisahau kikao kilichotangulia. Tulikaa hadi saa kumi na moja tukitazamana, kisha nikafunga kikao ambacho kisheria hakikufunguliwa. Wajumbe watatu kati ya waliotia saini barua ya kulalamika kuwa hawakushirikishwa hawakufika katika kikao chochote kati ya hivyo viwili, na wawili hawakuomba hata udhuru.

Mahudhurio ya mihadhara nayo yanasikitisha: 31, kisha 22, kisha 17, kisha 14 pamoja na mhadhiri mwenyewe. Nilishawishika kuchora mstari kupitia tarakimu hizo na kuwaonyesha ni mhadhara wa ngapi utakaokuwa hauna mtu, lakini kwa kuwa nimetumia nusu ya taarifa hii kuikemea mistari iliyonyooka, nimejizuia.

Kwa upande wa fedha, wanachama walioandikishwa ni 68, waliolipa ada ya mwaka huu ni 27, wanaodaiwa mwaka mmoja ni 23, na wanaodaiwa miaka miwili au zaidi ni 18. Gharama ya seva imelipwa kwa miezi minane, na miezi minne iliyobaki nimeilipa kutoka mfukoni mwangu, jambo ambalo mweka hazina atalithibitisha akiulizwa. Katika saini 11 za barua, 8 ni za wanachama ambao hawajalipa. Silitaji hili kwa nia ya kumziba mtu mdomo, bali katiba ndiyo inayosema kuwa asiyelipa ana haki ya kusikiliza tu.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, uwezo ukiruhusu, kuingiza modeli ya watoto, kufufua kikundi cha usomaji wa modeli za glukosi, na kutafuta ushirikiano na wataalamu wa lishe wanaopima uzito wa watu halisi kwa muda mrefu, kwani takwimu zetu nyingi ni za kuazima. Mazungumzo ya awali yapo na yanatia moyo, ingawa si wakati mwafaka wa kuyaeleza.

Hoja ya kurudisha kanuni ya zamani imewekwa kuwa ajenda namba 4, kama ilivyoombwa. Mtoa hoja atapewa dakika 15, nami nitapewa dakika 15. Kikokotoo cha zamani nimekihifadhi na kitafunguliwa ukumbini, ili kila mwanachama aingize uzito wake na aone atakuwa na kilo ngapi baada ya miaka kumi. Daftari la mahudhurio litafunguliwa saa tatu kamili asubuhi, mweka hazina atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na akidi itahesabiwa kabla ya jambo lingine lolote.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti