Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulivyowapata Wazungumzaji Wakuu wa Kongamano

Ndugu wanachama,

Taarifa ya fedha mtasomewa na mweka hazina, na ile ya uanachama imo kwenye makabrasha aliyogawa katibu. Zote mbili nimezipitia na sina la kuongeza. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo moja tu. Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwaka huu hazikuhusu ada wala katiba. Zilihusu watu watatu waliosimama jukwaani kwenye kongamano letu la teknolojia ya maktaba, na swali lilikuwa lilelile: nani aliwachagua hawa, na kwa vigezo gani?

Jibu fupi ni kwamba mliwachagua ninyi. Jibu refu lina aibu kidogo ndani yake, na sehemu ya aibu hiyo ni yangu.

Mnaukumbuka utaratibu wa zamani, kama unastahili kuitwa utaratibu. Wajumbe wa kamati ya programu walikaa kikao kimoja, mmoja akasema "fulani nilimsikia mahali, anazungumza vizuri", mwingine akaitikia, jina likaingia. Kwa mtindo huo jina huzaa jina: anayealikwa ni yule aliyeonekana kwenye jukwaa la wengine mwaka jana, na mwakani ataonekana kwingine kwa sababu sisi tulimwalika. Siibezi kamati ile, maana nilikuwamo. Lakini ndiyo iliyotuletea, mwaka juzi, mgeni aliyetumia dakika 40 kututembeza kwenye vitufe vya bidhaa iliyokuwa ikiuzwa na kampuni yake. Alipouliza kama kuna swali, mtu wa safu ya nyuma aliuliza bei. Ukumbi ukaangua kicheko, naye mgeni akadhani anasifiwa.

Mwaka huu kamati tendaji iliamua tuwaige wenzetu wa Code4Lib, jumuiya ya wakutubi na watengeneza programu iliyofanya kongamano lake la kwanza mwaka 2006 huko Corvallis, Oregon. Kwao wazungumzaji wakuu hupendekezwa na wanajumuiya wenyewe, kisha wakapigiwa kura. Nasi tukasema hivyohivyo: mwanachama yeyote alete jina, aandike aya moja ya sababu, na aambatishe kitu ambacho mtu huyo amewahi kuandika au kusema hadharani.

Majina yalikuja, na mara moja tukaona tatizo ambalo hatukulitarajia. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, kila mwenye kalamu ana la kusema kuhusu akili unde, na orodha yetu ilionyesha hivyo. Karibu nusu ya mapendekezo yalikuwa ya mada hiyohiyo, mengi yakiwa na aya ya sababu ambayo ungeweza kuihamisha kutoka jina moja kwenda jingine bila mtu kugundua. Kundi la pili, dogo lakini lenye sauti, lilitaka watu wa usalama wa mifumo. Hilo nalielewa. British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni Oktoba 2023, na Machi 2024 ikachapisha taarifa yake yenyewe ikieleza kilichowapata na walichojifunza. Wengi wetu tuliisoma taarifa ile tukiwaza seva zetu wenyewe, tukanyamaza.

Orodha ya namna hiyo ukiipeleka kwenye kura ya kuchagua jina moja moja, umeiharibu kabla hujaanza. Nieleze kwa hesabu, kwa sababu baadhi yenu mliandika kwamba utaratibu wa pointi ni mbwembwe tu. Chukulia wapiga kura 100 na majina matatu. Wapiga kura 40 wanamtaka mtu mashuhuri A. Waliobaki 60 wanataka mtu anayeshughulika na data kila siku, ila wamegawanyika: 32 wanampenda B na 28 wanampenda C. Kila mmoja akitia alama kwa jina moja, A anashinda kwa kura 40, ingawa watu 60 walimweka mkiani. Sasa mpe kila mpiga kura ruhusa ya kugawa pointi, kuanzia 0 hadi 3, kwa kila jina. Wale 40 wanampa A 3, na B na C 1 kila mmoja. Wale 32 wanampa B 3, C 2 na A 0. Wale 28 wanampa C 3, B 2 na A 0. Jumlisha: A anapata 120, C 188, B 192. Wapiga kura hawakubadilika hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba karatasi sasa inawaruhusu kusema zaidi ya neno moja.

Pointi nazo zina ugonjwa wake. Mtu asiyemjua mpendekezwa hampi 3. Humpa 0 akaendelea. Basi jumla ya pointi humwadhibu asiyejulikana. Mkisema mtumie wastani wa wale waliompigia tu, mnafungua mlango mwingine: mwenye marafiki watatu wakarimu anamshinda kila mtu. Tulichagua jumla, tukajaribu kupunguza makali yake kwa kuweka wasifu mfupi na kazi ya kila mpendekezwa mbele ya macho ya mpiga kura kabla hajafika kwenye pointi. Imesaidia kiasi, lakini si sana.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye kosa langu.

Kura ikiwa bado wazi, nilikutana na mmoja wa wapendekezwa kwenye korido ya mkutano mwingine. Ni mtu ninayemheshimu. Tulizungumza, mazungumzo yakanoga, na kabla ya kuagana nikamwambia, "Weka tarehe zile wazi, nafasi yako ipo." Nikamwandikia hata barua pepe ya kuthibitisha. Kura ilipofungwa alikuwa wa sita. Nilikaa na ile barua siku mbili nikijiuliza kama kuna namna ya kuongeza nafasi ya nne kwenye ratiba, na nakiri kwamba nilifika mahali pa kuandika rasimu ya ratiba hiyo. Katibu aliiona, akaniuliza swali moja tu: "Mwenyekiti, na wa nne na wa tano tutawaambia nini?" Nikaifuta. Nilimwandikia yule bwana nikamwomba radhi, naye akanijibu kwa mistari miwili ya upole ambayo sikuistahili. Tangu siku ile kamati tendaji imeazimia kwamba mwaliko wowote unatoka kwa katibu peke yake, baada ya matokeo kutangazwa. Mwenyekiti haruhusiwi kualika mtu kwenye korido.

Aliyeongoza kura alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alituuliza kwanza maswali matatu. Nani wengine watakuwa jukwaani? Mtalipa nini zaidi ya nauli na malazi? Mkirekodi, rekodi itakuwa ya nani? Majibu yetu, kwa mfuatano huohuo, yalikuwa: hatujui bado; cheti; ya chama. Nikiwa kwake ningekataa pia. Hotuba ya dakika 45 iliyoandaliwa sawasawa inakula siku kadhaa za kazi, na mtu asiye na mwajiri wa kumlipa siku hizo anatupa sisi mshahara wake. Tuliowapata baadaye tuliwalipa wote kiasi kilekile, na mkataba wa ukurasa mmoja ulisema wazi kwamba hotuba inabaki mali ya aliyeitoa na chama kina ruhusa ya kuionyesha. Mweka hazina atawaeleza fungu lilikotoka. Naomba msimkaripie, nilimsukuma mimi.

Makamu mwenyekiti na mimi tulitofautiana juu ya jambo lililofuata, na kwa idhini yake nauweka mgongano wetu hapa hadharani. Matokeo ya kwanza yalipotoka, watu watatu wa juu walifanana mno: kazi zilezile, taasisi kubwa zilezile, umri mmoja. Makamu alisema kamati ina wajibu wa kumshusha mmoja na kumpandisha wa nne, kwa sababu kongamano linalosikiliza watu wa aina moja linajidanganya. Hoja yake ni nzito na mpaka leo sijaijibu yote. Msimamo wangu ni kwamba kazi hiyo ilipaswa kufanywa kabla ya kura, kwa kuzunguka kuwatafuta watu ambao hakuna aliyewaleta. Ukigusa matokeo baada ya kura, mwakani hakuna atakayepiga. Kukataa kwa yule wa kwanza kulituokoa tusifikie kupigana: wa nne alipanda mwenyewe.

Wapo pia waliotaka orodha ifungwe kwa wakutubi waliosomea fani, wageni wa nje wasiingie. Hao nawakumbusha tu kwamba muundo wa MARC, yaani mpangilio wa kompyuta ambao rekodi zetu zote za vitabu zimelala ndani yake, ulibuniwa chini ya uongozi wa Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, naye alikuja hapo akiwa mtengeneza programu, bila shahada ya ukutubi. Na wanaotaka majina makubwa tu wakumbuke Koha, mfumo huria wa maktaba ulioanza kutumika Januari 2000. Ulitengenezwa kwa ajili ya maktaba ndogo za Horowhenua, New Zealand. Mwaka 1999 nani kati yetu angewapa watu wale pointi 3?

Huyo wa nne, basi. Ni mworodheshaji, yaani mtu wa kuandika rekodi za vitabu kwenye katalogi. Hajawahi kuhutubia nje ya mahali anapofanyia kazi, na aya ya sababu iliyomleta ilikuwa na sentensi moja: "Aliharibu rekodi zote za maktaba yake usiku mmoja, na anaweza kueleza vipi." Kabla hajapanda alisimama kando ya jukwaa akiwa ameshika karatasi zake kwa mikono miwili. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa jina la mwandishi mmoja, José, lilivyoonekana kwenye katalogi asubuhi ya baada ya kuhamisha data kwenda mfumo mpya: Jos, kisha alama ya hakimiliki, kisha ile alama ya wanamuziki ya kushusha noti, inayofanana na herufi b iliyochongoka. Jos©♭. Akaiacha hapo bila kusema neno, mpaka watu wakaanza kucheka, na waliowahi kuhamisha data wakaacha kucheka mapema kuliko wengine.

Kisha akaonyesha sababu. Kila rekodi ya MARC inaanza na kichwa cha herufi 24. Nafasi ya 09, ambayo ni ya kumi kwa sababu kuhesabu kunaanzia sifuri, inasema rekodi imeandikwa kwa mfumo gani wa herufi: ikiwa na a ndogo ni Unicode, mfumo wa sasa wa herufi za lugha zote, ikiwa tupu ni MARC-8 ya zamani. Rekodi zake zilikuwa tayari za Unicode, ila programu iliyozitoa iliacha nafasi ile tupu. Mfumo mpya ukaona tupu, ukaamini, ukazibadilisha tena zisizohitaji kubadilishwa. Ile é, iliyohifadhiwa kwa baiti mbili, yaani vipande viwili vya data, ikasomwa kama herufi mbili tofauti, na katika jedwali la MARC-8 herufi hizo ni ile alama ya hakimiliki na ile ya kushusha noti. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Mfumo ulisema kazi imekamilika.

"Nilikagua idadi ya rekodi," alisema. "Idadi ilikuwa sawasawa. Nikaenda kulala."

Tulipangia maswali dakika kumi, yakaenda mpaka mapumziko yakaliwa yote. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakieleza usiku wao wenyewe. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba haikuwa hotuba ya mzungumzaji mkuu, kwamba haikuwa na upeo. Nimezisoma barua hizo kwa makini na sikubaliani nazo.

Yale mengine niyapitie haraka. Manukuu ya maandishi ya moja kwa moja yalifanya kazi siku ya kwanza na kukatika siku ya pili, na wanachama wenzetu wasiosikia walikosa hotuba nzima. Hilo halina udhuru, na safari ijayo tutakuwa na mtu wa akiba. Mzungumzaji mmoja alikwama kwenye viza akahutubia kwa video, vizuri kuliko tulivyoogopa. Waliopiga kura walikuwa wachache kuliko waliolalamika baadaye, na majina mengi yaliletwa na wanachama walewale wanaoleta kila kitu.

Mbele ya mkutano huu kamati tendaji inaleta maombi yafuatayo. Mapendekezo yafunguliwe miezi miwili mapema kuliko mwaka huu, na kamati ya programu ipewe jukumu la kutafuta majina kwa theluthi moja ya orodha, nje ya mzunguko wetu wa kawaida. Mpendekezwa aulizwe kwanza kama anakubali jina lake kupigiwa kura, maana mwaka huu wawili walijikuta wakishindanishwa bila habari. Malipo na masharti ya kurekodi yaandikwe ndani ya mwaliko wenyewe. Kila mwenye uhusiano na kampuni inayouzia maktaba aueleze kwenye wasifu wake. Suala la makamu, kama kamati iwe na uwezo wa kugusa matokeo, tumeliacha liamuliwe nanyi kwa kura, na katibu ataligawia karatasi yake peke yake. Itakuwa ya ndiyo au hapana; kwa hili hatutatumia pointi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti