Shemegi, usikae barazani tu

Assalaamu alaykum shemegi yangu,

Jana alasiri nilikuona. Ulipiga hodi, ukatoa mfuko wa samaki changu, ukauliza "hajambo?", ukajibiwa "hajambo", ukarudi zako barazani. Mdogo wangu leo siku ya tisa yumo ndani tangu ajifungue. Akika umeisimamia vizuri, mbuzi wawili, hatukudai kitu. Lakini habari zake mwenyewe unazijua kama za jirani wa Konde.

Najua, arobaini ni mambo ya wanawake. Bibi anamkanda, mama anampikia uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa mkaja. Sina ugomvi na hayo. (Ila maji ya kukandia yapozwe kidogo. Mimi uzazi wangu wa kwanza niliungua paja, nikanyamaza kwa haya.)

Wasiwasi wangu ni usiku. Mimi damu ilinijia usiku wa siku ya sita. Kitambaa kinaloa chote, hata saa nzima haijafika. Wakubwa wakasema uchafu huo unatoka, tungoje kuche. Mume wangu kalala nyumba ya pili, simu kaizima. Nilifika hospitali sijiwezi.

Basi simu yako iwe wazi, na mwenye gari hapo Wete mpatane leo, si siku ya siku. Damu ya namna hiyo, au homa, au kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu: mnaondoka saa ileile. Mtoto naye akikataa ziwa, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au viganja na nyayo zikigeuka manjano, usingoje kikao cha wazee.

Kuna jingine unaloliweza wewe peke yako. Nasikia mama yako anataka kitovu kipakwe majivu, na mtoto apewe maji ya sukari kwa kuwa ati maziwa hayatoshi. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, mtoto alishainyonya yote, alhamdulillahi. Kitovu kiachwe kikavu, na mtoto anyonye maziwa matupu mpaka miezi 6. Mdogo wangu hawezi kumkatalia mkwewe. Wewe ni mwanawe, mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Leo ukija ingia ndani, unawe mikono, umpakate mwanao mama yake aoge kwa nafasi. Anapenda bega la kushoto. Na changu safari hii walete wakubwa, wa jana walikuwa miba mitupu.