Kabla Hujabonyeza, Achieng

Kisumu, Jumatatu jioni

Mwanangu Achieng,

Nimepata ujumbe wako unaoniuliza kama uchukue kadi ya mkopo ya Apple, na picha ya hiyo kadi nyeupe. Ndugu yako Ouma aliikuza kwenye simu mpaka nikaona kila kitu: jina, alama ya tofaa, na chipu. Namba hakuna. Akaniambia namba zimo ndani ya simu, kadi yenyewe ni chuma cha titani, na Apple wenyewe wanaonya kwamba ngozi na jinzi zinaweza kuitia madoa yasiyotoka. Nilicheka mpaka mama wa kibanda cha pili akageuka kuniangalia. Kadi inayoogopa mfuko wa suruali! Hapa sokoni Kibuye ingemaliza wiki?

Lakini umeniuliza kwa dhati, na ni mimi niliyekuambia usiweke sahihi mahali popote Marekani kabla hatujaongea.

Swali langu la kwanza halikuwa riba. Nilitaka kujua pesa yenyewe ni ya nani. Unakumbuka Fuliza, ule mkopo wa kujazia salio la M-Pesa likipungua, ulipoanza Januari 2019? Nusu ya soko ilidhani ni M-Pesa inatusaidia tu, kumbe nyuma yake kuna benki mbili, NCBA na KCB. Ouma akanisomea ya hiyo kadi yako, nikaona ni mambo yaleyale. Mbele ni Apple, nyuma ni benki ya Goldman Sachs, tangu kadi ilipotoka mwaka 2019. Na Goldman Sachs nao wanajitoa. Mwanzoni mwa 2026 ilitangazwa kwamba JPMorgan Chase ndio watakaoichukua. Yaani deni lako linaweza kubadilisha mwenyewe na hakuna atakayekuuliza kama unamjua.

Kuna jambo moja lililonikaa moyoni. Oktoba 2024, shirika la serikali huko linalolinda wateja wa mikopo liliamuru Apple na Goldman Sachs walipe zaidi ya dola milioni 89 kwa pamoja. Watu walikuwa wakilalamika kwenye simu zao, labda wamekatwa pesa ya kitu wasichonunua, na makumi ya maelfu ya malalamiko hayo Apple haikuyafikisha benki. Mengine yalifika, benki isiyashughulikie inavyotakiwa. Wengine walinunua simu wakiamini wanalipa kidogo kidogo bila riba, kumbe mpango huo haukujiwasha wenyewe, na riba ikawa inahesabika. Mimi nikasema, hiki ni chungu cha wapishi wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ametia chumvi.

Daftari langu unalijua, lile la jalada la bluu lililopinda kwa jasho. Mama Atieno, mapazia pea mbili, 1,800, amelipa 500. Akipita barabarani namwona, naye ananiona, na tukisalimiana deni liko pale katikati yetu kama mtoto anayevuta leso. Nikikosea hesabu ananiambia, "Dada, ile mia mbili ya Alhamisi hujaandika," nami naandika hapo hapo. Ukikosewa kwenye hiyo kadi, utamwambia nani "hujaandika"?

Sikuandikii hivi kwa sababu naogopa mkopo. Mwaka ule wa 2018 nilichukua 5,000 kwenye programu moja ya simu, jina nalihifadhi, nikomboe beli la mapazia. Mvua ikaharibu soko siku tatu, nikachelewa. Wakampigia simu mweka hazina wa chama chetu cha akiba kabla hawajanipigia mimi! Nilikaa kwenye mkutano wa Jumamosi macho yangu yakiwa kwenye zulia. Siku hizi kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza mchezo huo, ila mimi somo nililipata bila kanuni.

Sasa hizo asilimia ulizonitajia. Wanakurudishia 3 ukinunua kwa Apple na maduka machache, 2 ukilipa kwa simu, 1 ukitumia kadi yenyewe. Tuseme chakula, basi na vitu vya nyumbani ni dola 500 kwa mwezi. Utarudishiwa dola 10, si zaidi ya hapo sana. Hakuna ada ya mwaka, hakuna faini ya kuchelewa, hapo wamefanya vizuri. Lakini ukibaki na deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24, mwezi mmoja umekula takriban dola 20. Na riba ya kadi kama hiyo inaweza kupanda kupita hapo, inategemea rekodi yako. Ukilipa lote kila mwezi hawakukati riba hata senti. Ukilipa kile kiwango cha chini wanachokuonyesha, umewafanyia kazi wewe.

Najua kinachokuvuta zaidi ni rekodi. Huku kwetu CRB, wale wanaotunza rekodi za mikopo, ni kama jina la polisi, ukisikia limetajwa unauliza nani kafanya nini. Huko nimeelewa ni kinyume: asiyewahi kukopa ndiye anayeshukiwa, hata chumba cha kupanga kinamsumbua kupata. Kwa hiyo kadi unaihitaji, hilo nakubali. Ila si lazima iwe hiyo. Uliwahi kuniambia kuna ushirika wa akiba na mikopo karibu na kazini kwako, wanachama ndio wenyewe. Hiyo ni sacco, mwanangu! Nenda uwaulize kama wana kadi ya dhamana, unaweka dola 200 zako na wao wanakupa kikomo cha dola 200. Sisi hapa ndivyo tunavyofanya, hisa kwanza, mkopo baadaye. Na kuna dirisha, kuna mtu nyuma ya dirisha. Mwaka mmoja wa kulipa kwa wakati, halafu uchukue hiyo ya titani ukitaka, uivishe hata hariri.

Kingine ni sisi. Ninajua lile kundi la WhatsApp la ukoo linavyokuwa kukiwa na matanga. Mjomba ataandika jina lako la kwanza kwenye orodha, na mbele yake ameshaweka shilingi 20,000. Usitume kwa kadi. Kutuma pesa kwa kadi ya mkopo mara nyingi wanahesabu kama umechukua taslimu, na riba inaanza siku ileile, haingoji mwisho wa mwezi. Kadi nyingine zinakataa kabisa. Sema huna. Mimi nitasimama na neno lako, na mjomba wako nitajua namna ya kumnyamazisha.

Mabati ya jikoni usiyafikirie. Yanavuja upande wa kuni tu, na Ouma ameweka karai.

Nipigie Jumapili, lakini si asubuhi, maana ndiyo siku kubwa ya soko na beli jipya la mapazia linafunguliwa. Baada ya saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimekaa.

Mama yako